Thabeet, Tshiebwe au Maluach: dogo wa kikapu aende chuo cha aina gani Marekani?

Wiki ya pili hii simu yangu haina mapumziko. Nina dogo namfundisha kikapu hapa Dar, miaka 18, sentimita 206 na suruali bado zinamkimbia, mpira wa kikapu kaanza kuushika form two baada ya mwalimu wa michezo kumtoa golini kwa sababu kichwa kilikuwa kinakaribia mtambaa panya, na sasa vyuo vitatu vya Marekani vimemtumia meseji ndani ya mwezi mmoja. Kimoja kikubwa, kile ambacho hata asiyejua kikapu ashaiona fulana yake kwenye mitumba. Cha pili ni cha kati, kipo Daraja la Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, lakini ukikitaja watu wanakuuliza kiko wapi. Cha tatu ni chuo cha miaka miwili, huko Kansas. Mama yake kashachagua, anataka cha fulana. "Kocha, mtoto akiitwa na wakubwa anaitika," ndo neno lake na halirudi nyuma.

Nikamwambia mama nipe siku chache. Nikakaa nikalinganisha, na kwa kuwa sio yeye peke yake anayeniuliza, namwaga yote hapa.

Kwanza elewa kocha wa chuo ana nini kichwani. Mechi ya chuo ni dakika 40, watu watano uwanjani, maana yake ana dakika 200 za kugawa kila usiku. Rosta (orodha ya wachezaji) ya wanaume kwenye vyuo vilivyoingia mfumo mpya wa kugawana mapato ni watu 15, zamani skolashipu zilikuwa 13, ila watu wanaokula dakika za maana ni nane au tisa, waliobaki wanashangilia na kushika chupa za maji. Mchezaji anapewa misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano. Kwa hiyo kocha anachagua, ajaze zile dakika kwa kijana mwenye kipaji kikubwa atakayeondoka baada ya mwaka, kwa kijana mbichi atakayempika miaka mitatu minne, au kwa mtu mzima wa miaka 22 aliyepikwa na chuo kingine. Kila chuo kinachanganya kidogo kidogo, ila kila kimoja kina tabia yake na hiyo tabia ndo unatakiwa uijue kabla dogo hajapanda ndege.

Chuo cha mastaa wa mwaka mmoja

Hii imetokana na sheria ya NBA ya 2005, kwamba kuingia drafti, pale timu za NBA zinapochagua vijana wapya kwa zamu, lazima mwaka huo ufikishe miaka 19 na mwaka mmoja uwe umepita tangu darasa lako limalize sekondari. Kwa hiyo watoto wenye vipaji vya kutisha wakawa wanapita chuoni kama daladala kituoni, mwaka mmoja tu, kwaheri. Kocha John Calipari pale chuo cha Kentucky ndo aliifanya kuwa biashara rasmi, na 2012 ikamlipa, akachukua ubingwa wa taifa wa vyuo kwa kukifunga chuo kikuu cha Kansas 67-59 akiwa na Anthony Davis na Michael Kidd-Gilchrist, wote mwaka wa kwanza, na mwezi Juni wakaitwa namba moja na namba mbili. Watu wanaikumbuka timu ile kama timu ya watoto, wanamsahau Darius Miller aliyekuwa mwaka wa nne na alikuwa anaingia uwanjani kutuliza mambo yakichafuka.

Upande wa pili wa shilingi ni chuo cha Duke. 2019 walikuwa na Zion Williamson, RJ Barrett na Cam Reddish timu moja, wakatolewa robo fainali na Michigan State kwa pointi moja, 68-67. 2025 wakaja tena na Cooper Flagg, Kon Knueppel na Khaman Maluach, wakafika nusu fainali, kipindi cha pili wakawa mbele kwa pointi 14 dhidi ya Houston, timu ya watu wazima ya kocha Kelvin Sampson, wakafungwa 70-67. Vipaji vilikuwa upande mmoja, utulivu upande mwingine.

Sasa Maluach ndo jina analonitajia mama wa dogo, maana kasikia kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, kaenda Duke mwaka mmoja na kuchukuliwa namba 10 kwenye drafti. Kweli kabisa. Ila wanaomtaja wanaruka ukurasa wa katikati: yule kijana alitoka Uganda akaenda akademi ya NBA kule Saly, Senegal, akakaa miaka pale, akacheza BAL, ligi ya klabu za Afrika, na wanaume wenye ndevu, na 2024 akiwa na miaka 17 akacheza Olimpiki ya Paris na timu ya taifa. Duke hawakumpika, walimpokea kaiva wakampakua. Dogo wangu mechi yake kubwa kuliko zote ni ya shule na shule, mwamuzi alikuwa mwalimu wa jiografia.

Chuo kinachopika polepole

Hapa tuongee Hasheem Thabeet, maana ni wetu na wengi wanamalizia stori yake vibaya. Kijana wa Dar, Makongo, mita 2.21, alianza kikapu akiwa karibu miaka 15, akapita Kenya, akaenda kumalizia shule jijini Houston, kisha 2006 kocha Jim Calhoun akamchukua UConn, chuo kikuu cha Connecticut. Mwaka wa kwanza wastani wake pointi 6.2 kwa mechi. Kufunga hajui, anachojua ni kuzuia. Calhoun hakumlazimisha awe kitu kingine, alimweka chini ya kikapu akamwambia hapa ndo kwako, na mwaka wa tatu akawa na pointi 13.6, ribaundi (mipira ya kuokota mtu akikosa) 10.8, bloku (mipira aliyozuia) 152 msimu mzima, UConn wakafika nusu fainali ya taifa 2009, na yeye akaitwa namba mbili kwenye drafti, nyuma ya Blake Griffin na mbele ya James Harden na Stephen Curry. Miaka sita au saba hivi tangu ashike mpira. Fikiria hiyo.

Najua mtu anataka kuniambia NBA hakufanya kitu, 2010 alishushwa ligi ndogo. Sawa, lakini mi nakuambia habari ya chuo, na kazi ya chuo ilikuwa kumtoa alipokuwa na kumfikisha pale, na kilimfikisha. Ukiniuliza mimi alihitaji mwaka wa nne, mikono na miguu yake ilikuwa bado haijazoea kucheza mbali na kikapu, ila hela ya namba mbili nani anaikataa, hata mimi ningeondoka.

Mfano mwingine ni Zach Edey wa Purdue, Mkanada, mita 2.24, naye kachelewa kuanza, na akiwa sekondari kwenye orodha za vipaji alikuwa nyuma ya watu zaidi ya 400. Soma tena, zaidi ya 400. Kocha Matt Painter akampa mwaka wa kwanza dakika chache, pointi 8.7, wa pili zikapanda, mwaka wa nne 25.2, mchezaji bora wa taifa mara mbili mfululizo, 2023 na 2024, na akaipeleka Purdue fainali. Walifungwa na UConn 75-60, yeye peke yake akiwa na 37. Huyo kipaji chake kikubwa kilikuwa kukaa. Angehama mwaka wa pili sidhani kama tungemjua.

Halafu kuna hii kitu inaitwa redishati, wazazi wetu wakiisikia wanakasirika wanadhani mtoto kaadhibiwa. Maana yake mwaka wa kwanza unafanya mazoezi na timu, unakula, unanyanyua vyuma, unasoma, ila mechi huchezi, na msimu wako hauhesabiwi, unabaki na minne yote. Virginia ya Tony Bennett ilikuwa inaitumia sana. Mamadi Diakite kutoka Guinea alikaa redishati mwaka wake wa kwanza, De'Andre Hunter pia wake, na 2019 Diakite ndo aliyefunga lile goli la sekunde ya mwisho dhidi ya Purdue wakaenda dakika za nyongeza, na Hunter akafunga 27 kwenye fainali, Virginia bingwa, mwaka mmoja tu baada ya aibu ya kufungwa na UMBC, chuo kilichopangwa namba 16, ya mwisho kwenye kundi lake. Sijui kama kuna kocha aliyewahi kulipwa uvumilivu wake kwa haraka hivyo.

Ubaya wa njia hii? Inategemea kocha abaki. Huyohuyo Bennett aliachia ngazi Oktoba 2024, wiki chache kabla msimu kuanza. Ukiwa umepanda mbegu kwa mtu na mtu kaondoka, mkulima mpya anaweza asipende zao lako.

Chuo kinachoishi kwa usajili

Sasa hapa ndo mambo yalipobadilika na ndo maana ushauri wa miaka ya Thabeet haufai kuuchukua wote. Zamani ukihama chuo ulikuwa unakaa mwaka mzima bila kucheza. 2021 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, wakaruhusu kuhama mara moja bila adhabu, na Aprili 2024 wakafungua kabisa, unahama hata kila mwaka alimradi masomo yako yako sawa. Julai 2021 hiyohiyo wakaruhusu wachezaji kuingiza hela kwa jina na sura zao, na 2025 baada ya kesi kubwa kumalizwa, vyuo vyenyewe vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, ukomo wa mwaka wa kwanza ukiwa dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yote. Unganisha hivyo vitu viwili unapata dirisha la usajili kama la Simba na Yanga, tofauti ni kwamba huku karibu hakuna mikataba mirefu na kila mwaka nusu ya timu inaweza kuwa sura mpya.

Mswahili aliyefaidika ni Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi. Alianza West Virginia, mwaka wa kwanza akawa na pointi 11.2 na ribaundi 9.3, katikati ya msimu wa pili akaondoka, akaenda Kentucky. 2021/22 akaokota ribaundi 15.1 kwa mechi, namba ya kizamani kabisa, akabeba tuzo zote kubwa za mchezaji bora wa taifa. Halafu mechi ya kwanza ya mashindano ya taifa ya mwisho wa msimu Kentucky ikafungwa na Saint Peter's, kachuo kadogo cha New Jersey, 85-79 dakika za nyongeza, yeye akiwa na pointi 30 na ribaundi 16. Na 2023 akaingia drafti, hakuitwa. Mchezaji bora wa taifa mzima, hakuitwa, kwa sababu NBA walitaka mtu wa urefu wake ajue kurusha mbali na kukaba wafupi, na chuo kilikuwa kinamhitaji aokote mipira tu. Simlaumu mtu, ila hapo pana somo la dogo wangu: timu inayokusajili kwa kitu kimoja itakutumia kwa kitu hichohicho.

Kwa upande wa timu njia hii inalipa. Florida waliochukua ubingwa 2025 kwa kuifunga Houston 65-63, angalia walinzi wao, yaani wale wanaopanga mchezo: Walter Clayton Jr. katoka Iona, Alijah Martin katoka Florida Atlantic, Will Richard katoka Belmont. Nani aliwalea? Makocha wa vyuo vidogo ambao siku ya fainali walikuwa kwao wanaangalia kwenye tivii. Inauma, ila kwa kijana wetu ni habari njema, maana inamaanisha ukienda chuo kidogo hujafungiwa, ukiiva wakubwa watakuja na hela mkononi.

Na habari mbaya ni hii. Kocha mkubwa zamani alikuwa anamvumilia mrefu mbichi kwa sababu hakuwa na namna. Sasa hivi akiona mbichi wake anasuasua mwezi wa tatu, mwezi wa nne anaingia sokoni anachukua mrefu wa miaka 23 kutoka chuo cha kati, aliyeshajua kugeuka kushoto na kulia. Mbichi anaambiwa kwa upole sana atafute dakika kwingine. Kwa hiyo Thabeet wa leo, akiwa vilevile alivyokuwa 2006, mi naona kuna uwezekano mkubwa asipewe ile miaka mitatu.

Weka vyote mezani

Dakika za kucheza. Chuo kikubwa, kwa dogo aliyechelewa, karibu na sifuri mwaka wa kwanza na hakuna uhakika wa wa pili. Chuo cha kati kinachopika, labda redishati kisha dakika 10, kisha 20. Chuo cha miaka miwili, dakika nyingi tangu Novemba, ila misimu miwili inaliwa haraka. Usikidharau lakini, Jimmy Butler alianzia Tyler Junior College huko Texas, akaenda Marquette, akaitwa namba 30 mwaka 2011, mengine mnayajua.

Hela. Hapa wazazi wengi wanadanganyika. Mtoto wetu kwa kawaida huenda na viza ya F-1 ya mwanafunzi, na hiyo viza haimruhusu kufanya kazi hovyo nje ya chuo, kwa hiyo zile hela za matangazo anazopata mwenzake Mmarekani wa kitanda cha pili, yeye akizigusa vibaya anaweza kuhatarisha viza. Tshiebwe mwenyewe, staa wa taifa, ilibidi dili zake azifanyie Bahamas timu ilipokwenda huko kucheza Agosti 2022, nje ya ardhi ya Marekani. Mtu akikuahidi hela kubwa muulize kwanza atazilipaje na mwanasheria wa uhamiaji wa chuo anasemaje, akianza kuzungukazunguka unajua. Cha uhakika ni skolashipu kamili: ada, malazi, chakula, vitabu. Chuo cha Kansas wameandika skolashipu lakini ukisoma chini bima na nauli ni juu yetu.

Viza yenyewe nayo. 5 Aprili 2025, siku ileile Duke wanacheza nusu fainali, serikali ya Marekani ikatangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini, na Maluach alikuwa ndani ya timu. Hakuna kocha anayeweza kukulinda na hilo, ila chuo chenye ofisi kubwa ya wanafunzi wa nje na wanasheria kinakusaidia zaidi, na hapa nakubali chuo kikubwa kinashinda.

Masomo. Daraja la Kwanza wanataka masomo 16 ya msingi na wastani wa 2.3 kwa hesabu zao, na ukimaliza shule ukakaa mtaani unacheza ligi huku unasubiri simu, misimu yako inaweza kukatwa. Huu ugonjwa wa "ngoja nijifue miaka miwili kwanza" umeua vijana wengi kuliko goti. Na tafadhali, umri ni umri, usimpunguze mtoto miaka, wanakagua vyeti vyote.

Kocha kuondoka. Calipari alipotoka Kentucky kwenda Arkansas Aprili 2024, aliyekuja, Mark Pope, hakumkuta hata mchezaji mmoja wa skolashipu aliyebaki. Rosta nzima sifuri. Chuo kikubwa, cha kati, kidogo, hii inakukuta popote, ila aliyekaa redishati ndo inamuumiza zaidi kwa sababu hana hata video ya mechi ya kuonyesha kwingine.

Sasa nani aende wapi. Kijana aliyepita akademi ya maana na kucheza na watu wazima kama Maluach, aende chuo kikubwa asisite, anaenda kuonekana. Kijana ambaye mwili uko tayari ila matokeo ya form four yamemkwamisha, Kansas inamfaa, arekebishe masomo huku anacheza. Kijana kama wangu, mrefu, mbichi, mikono laini, kachelewa kuanza, mi nampeleka cha kati, ila sio chochote cha kati, kile ambacho kina historia ya kukaa na warefu. Utajuaje? Nenda kwenye rosta zao za miaka minne nyuma, ziko wazi, hesabu warefu waliosajiliwa wakiwa mwaka wa kwanza, angalia wangapi walikuwepo mwaka wa tatu. Hiyo hesabu inachukua nusu saa na haina maneno matamu.

Nilifanya hivyo, halafu nikawaandikia wote watatu swali moja: warefu wenu wa mwaka wa kwanza wa miaka mitatu iliyopita walicheza dakika ngapi na wako wapi sasa hivi? Wa chuo kikubwa akanitumia voisi ya dakika nne kuhusu jengo jipya la mazoezi, lina bwawa la maji ya barafu, kinyozi yumo humohumo. Wa Kansas akajibu kwa uungwana kwamba kwao hakuna mwaka wa tatu, kisha akaomba matokeo ya hesabu ya dogo. Wa cha kati akatuma orodha: walikuwa wanne, wawili wamebaki na wanaanza mechi, mmoja kahamia chuo kikubwa, mmoja kaacha mpira anasoma uhasibu hapohapo na skolashipu hawakumnyang'anya. Akaongeza kwamba dogo atakaa redishati, na kama hatupendi tumwambie mapema.

Nikampelekea mama simu asome mwenyewe. Akasoma ya kinyozi akacheka. Akasoma ya orodha, akairudia pale kwa yule wa uhasibu, akakaa kimya kidogo.

"Hicho cha kati," akasema, "kiko wapi kwani?"

Nikafungua ramani.